AC Isiyosikiliza Simu

Mwanamke yule aliingia dukani kwa kishindo kama mtu aliyesukumwa. Kabla Hafidhi hajafungua mdomo kumkaribisha, alikwishapita meza ya malipo, akapita majokofu, akaenda kusimama mbele ya AC ya maonyesho na kuigeuzia mgongo. Alivaa koti zito la kiume. Ilikuwa Februari, jua la mchana, na lami ya Moshi mjini ilinata kwenye soli za viatu. Akalivua koti, likaanguka sakafuni, na Hafidhi akaona kwa nini alilivaa.

Gauni lilikuwa limekatwa kwa mkasi upande wa mgongoni, toka shingoni hadi kiunoni. Pale palipotakiwa kuwa na ngozi palikuwa na mikunjo iliyong'aa, myekundu na myeupe, imevutana kama nailoni iliyopitiwa na pasi ya moto.

"Niache kidogo," alisema bila kumtazama mtu. "Ukinitoa sasa hivi nitaanguka."

Mjomba Khamisi, mwenye duka, alinyanyua macho kutoka kwenye kikombe chake cha kahawa. "Dada, hapa tunauza baridi. Hatugawi."

"Mjomba!" alisema Hafidhi.

"Nimesema uongo?"

Hafidhi alimpelekea mgeni kiti na maji. Alikuwa amemaliza chuo mwaka uliopita, uhandisi wa umeme, na alikuwa akimsaidia mjomba wake huku akisubiri ajira. Hakuionea haya kazi ile. Aliamini kwamba mashine nzuri ikiingia kwenye nyumba ya mtu wa kawaida, yule mtu anapata nafasi ya kupumua na kuwaza mambo mengine. Aliwaeleza wateja hivyo, na wengine waliondoka bila kununua, lakini wakicheka.

Mwanamke alikunywa nusu ya maji, nusu nyingine akaimwagia begani, juu ya kovu.

"Ngozi iliyoungua haitoi jasho," alisema. "Joto linaingia, halina pa kutokea. Naitwa Aikande. Nataka AC ya chumba kidogo cha kupanga, dirisha moja. Isiwe ya kutoboa ukuta, mwenye nyumba hataki. Na isiwe inasikiliza simu."

"Isiyosikiliza simu?"

"Hujanielewa wapi, mdogo wangu?"

Hafidhi alifurahi, maana aliyokuwa nayo ndiyo hasa iliyomfaa. Akamwonyesha boksi lililokaa kwenye kona tangu Desemba. Ilikuwa ya dirishani, siyo ile ya vipande viwili inayodai ukuta utobolewe. Inakaa yote kwenye fremu, uso ndani, mgongo nje. BTU elfu tisa, inatosha chumba kidogo bila kuhangaika. Ni inverta, haimalizi umeme wa LUKU kabla ya mwezi kuisha.

"Halafu ni smati," alisema, na hapo sauti yake ikapanda kama kawaida yake. "Ukiwa sokoni unaiwasha kwa simu, ukifika chumba kimeshapoa. Kichujio kikichafuka inakutumia ujumbe. Popote ulipo unajua joto la chumba chako ni kiasi gani."

"Inamsikiliza nani?"

"Mwenye neno la siri."

"Na mwenye neno la siri akiwa sokoni, mimi nikiwa ndani?"

Aikande akavuta kiti karibu zaidi na upepo, akaeleza kwa sauti ile ile aliyotumia kuulizia bidhaa.

Mume wake aliitwa Gidioni. Alikuwa mnunuzi wa mahindi na maharage pale Himo. Siku moja alimkuta mkewe uani akicheka na dereva wa lori, mlangoni kukiwa na sufuria ya ndizi zinazochemshwa kwa ajili ya pombe ya mbege. Alichukua matambara mawili ili asijiunguze mikono, akainua sufuria, akammwagia mgongoni. Kisha akalia. Alimpeleka hospitali mwenyewe, akalala kwenye benchi la hospitali, na aliporudi naye nyumbani akamwekea AC ya smati kwenye chumba cha nyuma. Himo nzima ikamsifu. Mwanaume gani huyu, walisema, mkewe ana AC, sisi hata feni hatuna.

"Akawa anafunga mlango kwa nje, anakwenda sokoni," alisema Aikande. "AC iko kwenye simu yake. Nikimjibu vibaya asubuhi, mchana anaizima. Juu kuna bati tu, dari hakuna. Kule aliko anaona joto linavyopanda kwenye kioo cha simu. Anasubiri lifike anapotaka, halafu anapiga. 'Umeshajirudi?' Mimi niko sakafuni, ulimi nje kama mbwa. Nasema nimejirudi. Anaiwasha."

Mjomba Khamisi alikuwa ameweka kikombe chini.

"Ulitokaje?" aliuliza Hafidhi.

"Ilikuwa ya dirishani kama hii yako. Niliipiga mateke mpaka ikang'oka ikaangukia uani. Nikatoka kwa tundu lake."

Hafidhi alichukua bisibisi. Alilifungua boksi, akalaza mashine mezani, akatoa uso wake wa plastiki. Nyuma ya kioo cha namba kulikuwa na kibao kidogo cha kijani, si kikubwa kuliko ukucha wa dole gumba.

"Hiki ndicho sikio lake," alisema. "Nikikitoa, itabaki na rimoti na vitufe vyake tu. Lakini waranti inakufa."

"Ife."

"We mtoto!" alifoka Mjomba Khamisi. "Unaivunja mashine mpya, mbele ya mteja, kwenye duka langu!"

"Siivunji, mjomba. Naitibu."

Alikichomoa kibao, akamwekea Aikande kiganjani. Aikande alikitazama kidogo, akakidondosha, akakikanyaga kwa kisigino, akakisaga mpaka sakafu ikabaki na unga wa kijani. Uso wake haukubadilika. Alipomaliza alikuwa akihema.

Alipolipia, Hafidhi alimuuliza kwao ni wapi. Masama, alisema Aikande.

"Masama? Saa hizi huko watu wamevaa masweta! Kwa nini usipande ukapumzike kwenu?"

"Kwetu kuna baridi ya kutosha. Lakini kwetu wananirudisha." Akavaa koti lake. "Nakaa Soweto, hapa hapa mjini, kwa Bi Rukaiya, nyuma ya msikiti mdogo. Usimwambie mtu yeyote."

"Simwambii mtu."

Walikubaliana Hafidhi aende kuifunga Jumamosi.

Jumamosi asubuhi boksi likiwa tayari mlangoni, aliingia mwanaume mrefu aliyevaa suti ya kahawia ya kanisani. Alivua kofia, akamwambia Mjomba Khamisi shikamoo kwa heshima zote. Mkononi alikuwa na jani la isale lililofungwa fundo.

Mtu yeyote aliyekulia Moshi anajua maana yake. Isale ni mmea wa majani marefu ambao Wachagga huupanda mipakani mwa vihamba, mashamba yao ya ukoo, na kwenye makaburi ya wazee. Mwenye kosa akikata jani lake, akalifunga fundo, akampelekea aliyemkosea, amekuja kuomba msamaha, na jani hilo halikataliwi. Hafidhi alikuwa Mwislamu wa mjini, lakini bibi yake mzaa mama alitoka Kibosho. Aliwahi kumwambia kwamba aliwaona watu wawili waliotaka kuuana kwa mpaka wa shamba wakilia mmoja begani kwa mwingine kwa sababu ya jani moja. Hafidhi aliipenda habari ile kuliko zote za bibi.

"Natafuta mke wangu," alisema yule mtu. "Ana kovu la moto mgongoni. Joto hili hawezi kukaa bila AC, ndiyo maana napita kwenye maduka yote ya AC. Hapa alifika?"

"Hatumjui," alisema Mjomba Khamisi.

Lakini mgeni alikuwa akimtazama Hafidhi, na Hafidhi hakuwa amejifunza kuuficha uso wake.

"Sikuulizi anakaa wapi," alisema Gidioni taratibu. Machozi yalikuwa yameanza kumtoka, na hakuyafuta. "Usiniambie. Ulivyomficha ni sawa, angekuwa dada yangu hata mimi ningekushukuru. Nilimfanyia mambo ya mnyama. Nakuomba umpelekee hii tu. Akiipokea, akikaa huko huko aliko, mimi nitakufa vizuri."

Akaliweka jani juu ya boksi, akainama, akatoka.

"Usiliguse," alisema Mjomba Khamisi. "Hayo ni mambo ya mume na mke, tena ya Wachagga."

"Mjomba, isale haikataliwi. Nikilitupa mimi, nimemkatalia mtu msamaha usio wangu."

"Bibi yako alikuharibu na hadithi."

Hafidhi alilitia jani kwenye sanduku la vifaa. Alisaidiwa kupakia mashine kwenye bajaji, na njia nzima hadi Soweto alifikiria maneno atakayotumia. Aliona jinsi Aikande atakavyolishika lile fundo. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

Chumba cha Aikande kilikuwa na kitanda, ndoo za maji, na kanga zilizolowekwa zikining'inia ukutani ili zipoze hewa. Dirisha lilitazama kichochoro. Bi Rukaiya, mwenye nyumba, mjane mnene mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili, alisimama mlangoni kusimamia kazi.

"Hilo sanduku likiwaka si tutadhani lori limeingia ndani?"

"Halina kelele, bibi. Utalisahau."

"Mimi sisahau kitu. Muulize marehemu."

Ili mashine ikae, ilibidi nondo za katikati ya dirisha zikatwe. Hafidhi alivaa miwani, akawasha grenda, cheche zikaruka mpaka kitandani. Nondo zikadondoka moja baada ya nyingine, na upande wa kulia na wa kushoto vikabaki vipande vilivyochongoka kama meno. Bi Rukaiya alitikisa kichwa.

"Mwanangu, unanikatia nondo, na huyu analala peke yake."

Hafidhi alizima grenda. Aliona Aikande akiangalia lile tundu, mkono umekwenda wenyewe begani, juu ya kovu.

"Sitaondoka hapa dirisha likiwa wazi," alimwambia. "Hata itokee nini. Mashine itakaa hapo, na hizi nondo nitazirudisha pembeni kwa bolti. Nikitoka hapa utalala."

"Ahsante," alisema Aikande, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Bi Rukaiya alikwenda kuangalia mboga yake jikoni. Hafidhi akaona wakati umefika. Alifungua sanduku, akatoa jani, akamnyooshea Aikande kwa mikono miwili kama bibi alivyomfundisha.

Tabasamu la Aikande likaondoka.

"Nani kakupa?"

"Alikuja dukani. Hakuniuliza unakaa wapi, na sikumwambia. Dada, alilia."

"Analia vizuri sana." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mara ya kwanza alilia kwa baba yangu, isale mkononi. Baba akaipokea, nikarudishwa, akanivunja mbavu. Mara ya pili akalia kwa kaka zangu. Wakaipokea, nikarudishwa, ndipo ikaja ile sufuria. Umekuja na nini?"

"Bajaji."

"Uliangalia nyuma?"

Hafidhi alitikisa kichwa. Aikande alikwishafika mlangoni, akatia komeo. Wote wawili wakageuka kwa pamoja kutazama dirisha.

"Aikande," ilisema sauti ya upole kutoka kichochoroni. "Umeshajirudi?"

Gidioni alisimama pale akiwa na suti yake ya kahawia. Alifungua vifungo vya koti, bila haraka, akatoa panga.

Hafidhi hakufikiri. Aliikumbatia mashine, akainyanyua toka sakafuni, mgongo ukimlia, akaisukumia kwenye tundu. Ikaingia nusu. Panga likapiga mgongo wa mashine, chuma kikalia chumba kizima.

"Dogo, ondoka hapo," alisema Gidioni. "Kazi yako ni kuuza feni."

"Dada, bana upande huo!"

Aikande aliegemeza bega. Nje, Gidioni alirudi nyuma hatua chache, akaja na uzito wake wote. Mashine ikarudi ndani kidogo. Mkono wa kushoto wa Hafidhi ulikuwa chini yake, na ukingo wa chuma ukavibana vidole juu ya nondo iliyokatwa. Alisikia kitu kikivunjika kabla hajasikia maumivu. Kisha maumivu yakaja, akapiga yowe ambalo hakujua ni lake. Angeuvuta mkono, tundu lingefunguka. Hakuuvuta.

Panga likapenya kati ya mashine na fremu, likaufuata mkono ule ule, likapita juu ya vidole. Damu ikatapakaa kwenye plastiki nyeupe. Pigo la tatu la bega likaing'oa mashine mikononi mwao, ikaanguka sakafuni, Hafidhi akaanguka nayo. Gidioni akaingiza kichwa, mabega, kifua. Suti ilinasa kwenye meno ya nondo, akajivuta tu, kitambaa kikachanika, na ngozi chini yake.

"Nilikwambia utarudi," alisema, akikohoa. "Nilikwambia."

Aikande aliokota kipande cha nondo.

Hakupiga kelele. Alimpiga kwenye kifundo cha mkono, panga likadondoka. Akampiga begani. Akampiga mdomoni, na meno yakatoka na damu. Gidioni alinyoosha mkono mwingine akamkamata nywele, akamvuta mpaka uso wake ukagonga fremu, na bado Aikande aliendelea kupiga, sasa bila kuona, juu ya chochote kilichokuwa mbele yake.

"Mwiziii!" Ilikuwa sauti ya Bi Rukaiya, uani. "Mwizi jamani! Mwizi dirishani!"

Baadaye walimuuliza kwa nini alisema mwizi, na yeye anajua si mwizi. Bi Rukaiya aliwatazama kama wajinga. "Ningesema mume anampiga mkewe, nani angetoka?"

Walitoka. Vijana wa bodaboda, fundi viatu, wanawake wenye miiko, wanaume waliokuwa wakisikiliza mpira redioni. Walimkamata Gidioni miguu wakamvuta kinyumenyume, na meno ya nondo yakamchora tumbo kutoka kitovuni hadi kifuani. Kisha ilisikika milio ya mateke tu. Mtu alileta tofali la saruji. Mawe yakaanza.

"Mimi si mwizi!" alilia Gidioni. "Mimi mumewe! Muulizeni!"

"Wote mnasema hivyo hivyo!"

"Leta tairi!"

"Petroli iko kwenye pikipiki yangu, chota!"

Hafidhi alijiburuta hadi dirishani, mkono wake mbovu ameukumbatia kifuani. Aliona tairi likiviringishwa kichochoroni. Aliona uso wa Gidioni, jicho moja limekwishafumba. Mtu huyu alikuwa ametoka kumkata vidole, na Hafidhi alishangaa kuona kwamba hataki afe.

"Wanamuua," alimwambia Aikande. "Dada, wanamuua."

Aikande alisimama katikati ya chumba, damu ikimtiririka puani. Kisha akaitupa nondo, akainama, akaokota lile jani la isale lililokuwa limekanyagwa karibu na kitanda, akafungua komeo.

Alipita kati ya watu akilinyanyua juu. Sehemu kubwa ya waliokuwa pale walikuwa Wachagga, na hata wasiokuwa Wachagga walikuwa wameishi Moshi vya kutosha. Mkono mmoja uliokuwa na jiwe ukashuka. Mwingine ukafuata. Mzee mmoja akavua kofia bila kujua.

"Si mwizi," alisema Aikande. "Ni mume wangu."

"Sasa shemeji," aliuliza kijana mwenye chupa ya petroli, "tumwache, au tumalizie?"

Mtu alicheka, akanyamaza mara moja.

Aikande alichuchumaa mbele ya Gidioni.

"Umeniletea isale," alisema. "Leo hakuipokea baba wala kaka zangu. Nimeipokea mwenyewe, hawa wote ni mashahidi. Nimekusamehe mbavu, nimekusamehe sufuria, nimekusamehe na kile chumba. Damu yako isimwagike tena kwa ajili yangu."

Kitu kama tumaini kilipita kwenye uso uliovimba. Gidioni alinyoosha mkono kushika ukingo wa gauni lake.

"Basi twende nyumbani," alisema kwa mdomo usio na meno ya mbele.

Aikande aliutoa ule mkono, kidole kimoja kimoja.

"Isale inaomba msamaha, Gidioni. Haiombi mke." Akasimama. "Mfungeni mikono. Mwiteni mjumbe wa mtaa, aite polisi. Panga lake liko ndani, halijaguswa."

Walimfunga kwa mpira wa ndani wa lile tairi. Hapakuwa na aliyetaka tena kumpiga. Polisi walipofika kumchukua alikuwa analia, na safari hii hakuna aliyempa kitambaa.

Bi Rukaiya aliuviringisha mkono wa Hafidhi kwa kanga safi. Kanga ilikuwa ya njano, ikawa nyekundu upesi. Bajaji ilikuwa imeletwa hadi mlangoni, dereva amekwishawasha.

"Simama, mwanangu. Hospitali."

Hafidhi alisimama, chumba kikazunguka, akajishika ukutani. Alitazama dirisha. Lilikuwa wazi, tundu lile lile, meno yale yale, sasa yakiwa na vipande vya suti ya kahawia. Kichochoroni watu walikuwa wakitawanyika, na wengine walichungulia ndani walipopita.

"Bado hatujafunga," alisema.

"Umechanganyikiwa?" alifoka Bi Rukaiya. "Vidole vinaning'inia!"

"Hafidhi, nenda," alisema Aikande. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. "Polisi wamemchukua. Leo nitalala kwa bibi. Utakuja ukipona."

"Nilisema sitaondoka likiwa wazi."

"Ulisema hujakatwa!"

"Sikusema 'nisipokatwa'." Alijaribu kutabasamu, akashindwa. "Dada, mimi ndiye niliyemleta hadi hapa dirishani. Nipe bisibisi. Au shika wewe, nitakuelekeza."

Aikande alimtazama. Kisha akamwambia dereva azime bajaji.

Waliinyanyua mashine watu wanne, dereva, kijana wa petroli na wanawake wawili wa jirani. Mgongo wake ulikuwa na alama za panga na ubavu umebonyea, lakini ilipoingia kwenye fremu ilikaa. Hafidhi alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mkono ameuinua juu ya kichwa, damu ikimshuka hadi kwapani, akasema bolti ipi ianze. Aikande alikaza. Alikosea moja, Hafidhi akamwambia ailegeze aanze upya, akaanza upya. Dereva aliapa chini chini kwamba hajawahi kuona wendawazimu wa namna hii. Kisha wakazirudisha nondo pembeni, na Hafidhi akataka kila moja itikiswe mbele ya macho yake.

Daktari alimweleza baadaye, bila kumlaumu, kwamba kidole cha pete pengine kingeungwa kama angewahi, na cha kati kisingekakamaa namna ile. Fundi wa umeme anavihitaji vidole vyote. Hafidhi alisema anaelewa.

Lakini hayo yalikuwa bado. Bolti ya mwisho ilipokazwa, aliinuka. Midomo yake ilikuwa imepauka. Aliisogelea mashine, akaiegemea kwa bega lake zima, akaisukuma kwa uzito wake wote. Akarudi nyuma, akaja tena kwa nguvu zaidi, mpaka Bi Rukaiya akaziba mdomo kwa mkono.

Haikusogea.

Alibonyeza kitufe kwa dole gumba la mkono mzima. Mashine ikakohoa, ikanguruma, kisha ikatulia kwenye mlio wa chini. Kanga zilizoning'inia ukutani zikaanza kucheza. Aikande alisimama mbele yake, akageuka, akaupa upepo mgongo, akafumba macho.

"Haya," alisema Hafidhi kwa dereva. "Sasa twende."